Kutoka barazani hadi jikoni: mwongozo wa kujifunza upishi Kigoma ukiwa huna pa kulala

Saa kumi na moja alfajiri, pale Mwanga, Kigoma mjini, majiko ya mkaa yanakuwa yameshawaka. Supu inachemka, chapati zinasukumwa, na nyuma ya vibanda kuna vijana wawili watatu waliolala kwenye maturubai wakingoja kuambiwa wakachote maji. Nilikuwa mmoja wao. Nililala barazani miezi saba, nikaosha masufuria, nikajifunza kupika, nikapata cheti, na leo nina mgahawa wa meza sita. Ninaandika haya kwa ajili ya aliyeko pale nyuma sasa hivi, na kwa ndugu anayeweza kumsomea kama simu hana.

Kwa nini jiko, na si kazi nyingine? Kwa sababu zege na kubeba mizigo vinakulipa jioni, lakini jiko linakulisha asubuhi ile ile unapoanza. Mtu mwenye njaa hajifunzi kitu. Wenzetu Marekani waliliona hilo zamani. Pale Washington kuna jiko linaloitwa DC Central Kitchen, lililoanzishwa mwaka 1989. Linakusanya chakula kinachosalia mahotelini na kwingineko, linakipika na kukigawa kwa wahitaji, na humo humo watu wasio na kazi, wakiwemo waliolala mitaani, wanafundishwa upishi. Chakula na mafunzo viko kwenye sufuria moja. Hapa kwetu jiko kama hilo hatuna, lakini tuna mama lishe kila kona, na kibanda cha mama lishe ni darasa ukijua namna ya kuingia.

Nimeona wengi wakianza kinyume. Wanatafuta mtaji, au wanakimbilia cheti, wakati usiku bado wanahama baraza hadi baraza. Hawamalizi mwezi. Mpangilio uliotufaa mimi na vijana niliowapokea ni huu: pa kulala na pa kuoga, kisha jiko, kisha vipimo vya afya, kisha cheti, na biashara mwisho kabisa.

Pa kulala na pa kuoga

Kama hujafika miaka 18, usianze na jiko. Piga 116, ni bure, ndiyo namba ya kuwasaidia watoto, au nenda ofisi ya halmashauri umuulizie afisa ustawi wa jamii. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kuanzia 14 inaruhusu kazi nyepesi tu zisizomdhuru wala kumtoa shuleni. Kusimama na sufuria la mafuta ya moto tangu alfajiri si kazi nyepesi.

Kama ni mtu mzima, nenda kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa unapolala, ndiyo, hata kama unalala barazani. Mwambie jina lako, ulikotoka, na kwamba unatafuta kazi ya jiko. Unachohitaji kwake ni barua ya utambulisho. Karatasi hiyo moja ndiyo inayofungua njia ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa cha NIDA na nafasi ya chuo. Hapa Kigoma tuko mpakani, maswali ya uraia ni mengi na wakati mwingine yanachosha. Usikasirike, na usidanganye hata neno moja. Tafuta mzee wa kijijini kwenu, kama ni Kasulu, Buhigwe au Uvinza, anayewajua wazazi wako, umwombe awe shahidi. Kitambulisho cha NIDA mara ya kwanza raia hakilipii; anayekudai pesa ya kukuandikia jina anakuibia.

Kuhusu chumba, wapangishaji wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na hapo ndipo wengi tunakwama. Njia iliyotufaa ni geto la watatu: vijana watatu wa majiko tofauti, kila mmoja anaacha akiba yake kwa mtu mmoja anayeaminika, chumba kinapangwa akiba ikitimia. Kabla ya hapo, ongea na mlinzi wa soko au imamu au mzee wa kanisa kuhusu mahali pa kuweka begi na pa kuoga. Wanaombwa pesa kila siku. Ombi la ndoo ya maji ya kuoga wengi hawalikatai.

Na hili nalisema kwa uzito wote: usilale ndani ya kibanda kilichofungwa ukiwa na jiko la mkaa linalowaka, hata likiwa na makaa mawili. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Unalala, huamki. Msimu wa mvua baridi ikikuzidi, toa jiko nje kwanza ndipo ufunge mlango.

Kuingia jikoni

Usiende saa moja asubuhi, wala saa saba mchana. Saa hizo mama lishe hana hata nafasi ya kukutazama. Nenda saa tisa alasiri, wateja wameisha na masufuria yenye ukoko yamejaa beseni. Uwe umeoga, kucha fupi, viatu vinavyofunika vidole kama umepata. Sema hivi:

"Shikamoo mama. Naomba nikuoshee masufuria leo, unipe chakula tu. Ukiridhika, kesho tuzungumze."

Kama ni Muha mwenzako na ni asubuhi, "mwakeye" inafungua uso wa mtu. Lakini ombi liwe hilo hilo. Usianze na historia ya shida zako. Atakuuliza mwenyewe siku ya tatu, na utamjibu mikono ikiwa kazini.

Chagua kibanda. Mwanga kuna vingi, stesheni kuna abiria wa reli, Ujiji kuna wapishi wa pilau wanaoitwa kwenye shughuli, na mwalo wa Kibirizi una wavuvi wanaotaka kula alfajiri na wasafiri wa boti za kwenda Kagunga. Angalia mambo mawili tu: je, maji ya kunawa yanabadilishwa? Je, wasaidizi wanaruhusiwa kushika mwiko, au wanaosha tu mwaka mzima? Mama anayenawa na anayefundisha ndiye chuo chako, hata kama kibanda chake kina bati lililotoboka.

Wiki ya kwanza chakula kinatosha. Wiki ya pili zungumzia pesa, na ukubali kiasi cha siku kinacholipwa kila Jumamosi. Mimi nilifanya kazi sehemu moja kwa ahadi ya "nitakuwekea". Nilipoomba ili nipange chumba, hapakuwa na kilichowekwa, na sikuwa na daftari la kuonyesha siku zangu. Kwa hiyo nunua daftari la mia tano. Kila jioni andika tarehe, saa ulizofanya, ulicholipwa, na chakula ulichojifunza siku hiyo. Ukurasa huo huo utakufaa baadaye kwenye cheti, nitaeleza.

Usafi ndio fani yenyewe

Watu wanadhani upishi ni ladha. Mpishi anafukuzwa kazi kwa ajili ya choo na mikono kabla ya kufukuzwa kwa ajili ya chumvi. Mkoa wetu unakijua kipindupindu: mwaka 2015 kilizuka Kagunga, pale wakimbizi wa Burundi walipojazana ufukweni bila maji safi wala vyoo.

Kila anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa apime afya kila baada ya miezi sita, na mabwana afya wanapopita wanauliza cheti. Nenda kituo cha afya, sema unataka vipimo vya mhudumu wa chakula. Wanapima choo na magonjwa kama homa ya matumbo, maana mtu anaweza kubeba vijidudu vyake bila kuumwa na kuwapa wateja. Ukikutwa na ugonjwa, unatibiwa na kurudi. Si aibu, na si mwisho wa kazi.

Kunawa ni kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kama hakuna bomba, ndoo yenye koki inatosha. Beseni moja ambalo kila mtu anachovya mikono linaeneza uchafu. Unanawa ukitoka chooni, ukishika pesa, ukigusa nyama au samaki mbichi, ukipenga kamasi. Ukiwa unaharisha au kutapika, usipike, na usirudi jikoni mpaka siku mbili zipite tangu ulipopona. Mama atakasirika siku hiyo. Akipoteza wateja wote, atakasirika zaidi.

Chakula cha moto kikae cha moto, nyuzi 60 na kuendelea. Bila kipimajoto, mvuke uwe unaonekana ukifunua. Wali uliopoa mezani kwa zaidi ya saa mbili hauuzwi. Wali una vijidudu ambavyo moto wa kuivisha hauviui vyote, na vinapozaana vinatoa sumu ambayo hata kupasha tena hakuiondoi. Kiporo cha nyumbani na kiporo cha biashara ni vitu viwili. Kisu na kibao cha samaki mbichi kisikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto.

Ukiungua, weka chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si unga wa ngano, si mafuta.

Miezi sita ya mwiko

Mama hatakupangia masomo. Jipangie mwenyewe.

Mwezi wa kwanza ni kisu, moto na maji. Jifunze kukata kitunguu vipande vinavyolingana, ncha za vidole zimekunjwa ndani. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu. Omba kukinoa kila asubuhi. Jifunze kulisoma jiko: mkaa mwekundu wote kwa kuchemsha, uliofunikwa majivu kwa kupalia wali. Anayejua kutumia mkaa wa debe moja pale mwenzake anapotumia mawili ameshaongezewa mshahara, hata kama mama hajasema.

Kisha wali na maharage. Maharage ya Kigoma yanasifika nchi nzima, kwa hiyo hapa kwetu hakuna msamaha kwa maharage mabaya. Chambua mawe, loweka usiku, mwaga maji yale, weka mapya, na yachemke kwa moto mkali angalau dakika kumi kabla hujapunguza moto. Hilo si suala la kuiva tu. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayomaliza tumbo, na moto mdogo hauiondoi. Chumvi na nyanya weka yakishalainika.

Ugali wa muhogo una siri yake kwenye unga. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na ndiyo maana wazee wetu wanauloweka siku tatu au nne mpaka ulainike, wanauanika vizuri, ndipo wanautwanga. Kivunde, yaani muhogo huo uliolowekwa, kikifanywa sawasawa kina harufu ya uchachu uliotulia. Unga wa haraka haraka, wa muhogo uliokatwa leo na kuanikwa kesho, usiununue kwa bei yoyote. Jikoni kwangu wauza unga wa muhogo nawajua wawili tu, na wote nimewahi kwenda kuona wanavyoloweka.

Samaki ndio watakaokupa jina. Mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika letu, akiwa mbichi na mzuri ana macho maangavu, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Dagaa walioanikwa juu ya chanja ni wasafi kuliko wa kwenye mchanga. Hao wa mchangani wakaange kavu kidogo, wachekeche, uwaoshe haraka kwa maji ya vuguvugu, la sivyo mteja atatafuna ziwa zima. Mawese yapashe kwa moto wa kati. Kuna wapishi wanaoyaunguza mpaka rangi iishe wakidhani wanatoa harufu. Rangi ile nyekundu ndiyo lishe ambayo mwili unaigeuza vitamini A, na ndiyo sura ya chakula chetu. Kitunguu, nyanya, mawese, mgebuka aliyekaushwa kwa moshi, mchuzi uchemke taratibu: mgeni aliyeshuka kwenye gari moshi hatakisahau.

Miezi ya mwisho omba chapati, maandazi, pilau, supu ya utumbo. Pilau ya shughuli ijifunze Ujiji. Jumapili mpishi wa harusi anahitaji mikono, na pale utaona sufuria la kilo 50 linavyotawaliwa, somo ambalo kibanda hakina.

Cheti

Una njia mbili, na ya pili wengi hawaijui.

Njia ya kwanza ni kusoma. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ina chuo hapa Kigoma. Tabora nako kipo. Mafunzo yake yana daraja la kwanza, la pili na la tatu. Nenda chuoni mwenyewe uulize mambo manne: kama fani ya upishi ina nafasi, ada ni kiasi gani na inalipwa kwa awamu ngapi, kama kuna bweni, na kama kuna ufadhili wa serikali. Suala la bweni lipe uzito kuliko ada. Kwa mtu asiye na chumba, bweni ni nusu ya mafunzo. Kule Kasulu kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, na vyuo vya aina hiyo vinapokea hata waliokatisha masomo.

Njia ya pili ni kurasimisha ujuzi ulioupata nje ya mfumo rasmi. VETA inampima mtu aliyejifunza kazini: wanakuuliza, wanakuangalia ukipika, wanakupa mafunzo mafupi pale penye upungufu, kisha unapewa cheti. Huhitaji kuacha kibanda. Ofisi ya Waziri Mkuu, kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, imekuwa ikigharimia mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza fani kazini, na urasimishaji huu kwa vijana, na matangazo yake hubandikwa halmashauri. Hapa ndipo lile daftari linaporudi. Kurasa za miezi sita zenye tarehe na vyakula ulivyopika ni ushahidi, pamoja na barua ya mama uliyemfanyia kazi.

Siku ya kupimwa nenda na nguo safi, aproni, kitambaa cha kichwa na kisu chako kilichonolewa. Nawa kabla hujaambiwa. Osha vyombo unavyotumia wakati chakula kinaiva. Mtathmini anaangalia hali ya meza yako kama anavyoangalia sahani.

Kama kusoma na kuandika kunakupa taabu, mwambie mtendaji wa kata akuelekeze kwenye darasa la watu wazima kabla ya haya yote. Mpishi anasoma oda.

Ukishapata cheti

Hoteli za mjini, kambi za watalii kuelekea Gombe na Mahale, majiko ya shule za bweni na ya miradi: hapo ndipo cheti kinafanya kazi. Nakushauri uajiriwe angalau mwaka mmoja. Dai masharti ya kazi kwa maandishi, sheria inakupa haki hiyo. Utajifunza stoo, kupokea mzigo, bufee ya watu mia, na utalala kwenye chumba unachokilipia mwenyewe mwezi baada ya mwezi.

Wenye vibanda mnaosoma hapa, mama zangu na dada zangu: mkimpokea kijana, mpeni sahani kabla ya kazi, si baada. Mlipeni siku mliyosema. Akichelewa siku mbili mfululizo, muulizeni alilala wapi kabla ya kumfukuza. Mara nyingi jibu liko hapo.

Hesabu ya kibanda chako

Siku ikifika ya kujitegemea, anza na sahani, si na samani. Tuchukue mfano wa wali maharage sahani 40, kila moja 2,000. Badilisha bei zangu kwa bei za soko la siku yako. Mchele kilo 6 kwa 2,500 ni 15,000. Maharage kilo 4 kwa 3,000 ni 12,000. Mafuta 6,000, nyanya na vitunguu na mboga 7,000, mkaa 6,000, maji na sabuni 2,000, ushuru na usafi 1,000. Jumla 49,000. Msaidizi 7,000. Ukiuza zote 40 umepata 80,000, na kinachobaki mkononi ni 24,000.

Sasa zibaki sahani sita. Umeuza 68,000, gharama ni zile zile, na mkononi una 12,000. Sahani sita zimekula nusu ya faida yako. Kwa hiyo pika mara mbili kwa siku kidogo kidogo, na andika kila jioni ngapi zilibaki. Faida igawe siku hiyo hiyo: ya kesho sokoni, ya kodi, ya kula. Ya kodi isikae kibandani.

Kwa mtaji, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Inatolewa kwa vikundi, hivyo wale wenzako wa geto ndio mwanzo wa kikundi chako, mkiandikishwa kwa afisa maendeleo ya jamii. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wana ofisi hapa na hufundisha usindikaji na vifungashio, jambo la kufikiria kama unataka kuuza dagaa wa kukaanga kwa abiria.

Mwisho, lifahamu ziwa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, boti nyingi zinabaki ufukweni na bei inapanda. Mwaka 2024 ziwa lote upande wetu lilifungwa tangu Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na wenye vibanda waliokuwa na samaki tu kwenye ubao walifunga. Nunua dagaa wakavu na migebuka ya moshi wakati ni rahisi, uwatunze pakavu juu ya chanja, na uwe na maharage, kunde na kisamvu cha kuziba pengo. Jioni, kabla hujatoa oda ya kesho kwa mtu wa Kibirizi, toka nje utazame mwezi umefika wapi.